Ufunguo wa siri ya mgonjwa anao nani?

Mzee mmoja alikuja kufungwa kidonda cha mguu. Nilipomaliza kazi yangu aliingiza mkono mfukoni akatoa simu. "Sista," akaniambia, "hebu nitazamie. Huyu mama ni nani?" Katikati ya picha za ng'ombe wake na za ubatizo wa mjukuu wake palikuwa na picha ya kadi ya kliniki ya mama mjamzito. Jina lilisomeka, kijiji kilisomeka, na majibu ya vipimo vyote vya damu yalisomeka. Mzee hakumfahamu mama huyo, wala si yeye aliyeipiga picha hiyo.

Tulipoulizana, tukapata asili ya jambo lenyewe. Mzee alinunua simu mjini, na kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia akaunti ili simu ianze kufanya kazi. Kijana yule, kwa kuharakisha, alitumia akaunti moja kwa wateja kadhaa. Basi kila picha aliyopiga mteja mmoja ilikwenda kwenye hifadhi ya akaunti ile, na kutoka huko ikateremka kwenye simu za wengine. Mama yule aliipiga picha kadi yake kwa nia njema kabisa, isije ikapotea. Hakujua kuwa alikuwa akiitundika mahali pa watu.

Nilitaka kumwambia mzee aifute, nikajizuia. Akiifuta yeye, huenda ingefutika hata kwa mwenyewe. Tulimwondoa mzee kwenye akaunti ile, tukamfungulia ya kwake. Mama naye nilimpata kupitia kwa muuguzi mwenzangu wa kliniki yake, akasaidiwa vilevile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni familia ngapi za parokia zetu ambazo siri zao zimefungiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

WINGU NI KITU GANI?

Vijana husema, "Picha zangu ziko kwenye wingu." Wazee wakisikia hivyo hutazama juu. Wingu hili halipo angani. Ni kompyuta kubwa kubwa, maelfu kwa maelfu, zilizopangwa katika majengo ya makampuni makubwa huko Marekani, Ulaya na kwingineko. Ukipiga picha kwa simu janja, na simu ikiwa na bando, picha hiyo inaweza kusafiri kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta hizo na kuwekwa humo kwa jina la akaunti yako. Simu ikianguka kisimani, picha bado ipo. Ukinunua simu nyingine na kuingia kwa akaunti ile ile, utaikuta.

Huduma kama Google Drive na iCloud hutoa nafasi kiasi bila malipo. Akaunti ya Google hupewa gigabaiti 15, na ile ya iCloud gigabaiti 5. Picha ya ukurasa mmoja wa karatasi huchukua megabaiti 2 au 3 hivi. Kwa hiyo gigabaiti 15 zingetosha kurasa 5,000 kama huweki kitu kingine humo. Hakuna familia yenye karatasi za hospitali nyingi kiasi hicho.

Jambo la kushika hapa ni kwamba wengi wetu tumekwisha kuanza kutumia wingu bila kujua. Simu nyingi, mara zinapofunguliwa akaunti, huwekwa zipeleke picha huko zenyewe. Kwa hiyo ni bure kubishana kama tuingie au tusiingie. Yatupasa kujua tumeingiaje, na kwa ufunguo wa nani.

KWA NINI NASEMA TUHIFADHI

Wapo wenzangu kazini wanaosema, "Waachieni watu karatasi zao, haya mengine ni ya mjini." Mimi sikubaliani nao. Nimeona mno hasara ya karatasi iliyopotea.

Mtoto mwenye selimundu analetwa usiku, amepungukiwa damu. Bibi aliyemleta hajui aliongezewa damu lini mara ya mwisho, wala dawa anazotumia, kwa kuwa daftari lilibaki kwa mama mtu aliyesafiri. Mgonjwa wa rufaa anarudi kutoka hospitali kubwa, lakini barua ya daktari bingwa imelowa mvua ndani ya basi na maandishi yamefutika. Mwingine alifanyiwa upasuaji miaka sita iliyopita, na hajui alitolewa nini. Hapo sisi tunaanza upya. Tunarudia vipimo, mgonjwa analipa mara ya pili, na saa zinapita. Mara nyingine saa hizo ndizo zilizokuwa uhai wake.

Halafu kuna maafa. Desemba 2023 tope na maji yaliteremka kutoka mlima Hanang na kuvamia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa na nyumba nyingi zikaharibiwa. Katika msiba wa namna hiyo hakuna anayekumbuka mfuko wa plastiki wenye kadi za kliniki. Lakini mwenye kisukari atahitaji dawa yake kesho yake asubuhi, na mtoto atahitaji chanjo iliyobaki. Nakala iliyowekwa mbali na nyumba ingewasaidia sana watu hao, na wingu laweza kuitunza nakala hiyo.

HATARI IKO WAPI?

Watu huogopa mwizi wa mbali, na kweli yupo. Huko Finland kilikuwapo kituo cha ushauri na tiba ya akili kilichoitwa Vastaamo. Mtu aliingia kwenye kompyuta zake akaiba kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000. Oktoba 2020 wagonjwa wakaanza kupokea barua pepe za kuwadai euro 200 kila mmoja, la sivyo yale waliyomweleza mshauri wao faraghani yangetangazwa kwa watu wote. Hebu fikiri, ndugu msomaji, mambo uliyoyasema kwa machozi mbele ya mtu mmoja yakifanywa bidhaa. Kituo chenyewe kilifilisika mwaka 2021.

Huko Singapore, Januari 2019, Wizara ya Afya ilitangaza kuwa majina na habari za watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI yalikuwa yamevujishwa kwenye intaneti. Wizara ilieleza kwamba yaliyavujishwa na Mmarekani ambaye mwandani wake alikuwa daktari mwenye ruhusa ya kuifungua rejista hiyo. Mlango haukuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa mtu wa ndani.

Nami nimekuwa mtu wa ndani. Nitasimulia kosa langu, na aliyeumizwa nalo amenipa ruhusa. Nilikuwa zamu ya usiku, nikataka ushauri wa mwenzangu juu ya majibu ya maabara ya mgonjwa. Nikaipiga picha karatasi, jina likiwa juu, nikaituma kwa WhatsApp. Kidole kikakosea. Badala ya kundi la wauguzi ikaenda kundi la kuchangia harusi ya jirani. Niliifuta baada ya dakika chache, lakini picha inayoingia kwenye kundi huweza kujihifadhi yenyewe katika simu ya kila aliyeipokea. Waliokwisha kuiona walikuwa wameiona.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake. Sitataja ugonjwa wake, maana sina haki hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sista, mimi nilikuambia wewe." Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kujibu. Siku ya mahafali ya uuguzi tulishika mishumaa tukaapa kiapo kinachoitwa cha Florence Nightingale, kilichotungwa Marekani mwaka 1893, na ndani yake tuliahidi kutunza siri za wagonjwa. Nilikivunja kiapo hicho kwa kidole kimoja, bila chuki wala tamaa, kwa haraka tu.

Ndiyo sababu nasema kwamba katika familia zetu siri nyingi hazivuji kwa wezi wa kompyuta. Zinavuja kwa simu inayoshikwa na kila mtu nyumbani, kwa kundi la ukoo, kwa kijana wa steshenari, kwa fundi simu, kwa muuguzi mwenye haraka. Wezi wa mbali tuwaogope, lakini tuanze na milango yetu wenyewe.

TUFANYE NINI?

1. Akaunti iwe yako. Ifunguliwe mbele ya macho yako, na neno la siri uliandike wewe. Kama ilifunguliwa na mtu wa dukani au mpwa wako, badili neno la siri leo. Kisha ingia sehemu ya usalama wa akaunti, utaona orodha ya simu na kompyuta zilizoingia kwa akaunti hiyo. Usizozijua ziondoe. Hakikisha pia kuwa namba ya simu iliyoandikwa humo ni ya kwako.

2. Neno la siri liwe refu. Mwaka wa kuzaliwa na jina la mtoto wako wa kwanza yanajulikana na kijiji kizima. Unganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, unayoweza kuyakumbuka mwenyewe. Neno hilo usilitumie mahali pengine. Simu nayo iwe na namba ya kuifungua.

3. Weka ulinzi wa hatua mbili. Maana yake ni kwamba mtu hata akijua neno lako la siri, bado ataombwa uthibitisho mwingine, kwa mfano namba inayoletwa kwenye simu yako. Lakini angalieni: ukipoteza laini, au ukiiacha bila kuitumia mpaka ikafungwa na kupewa mtu mwingine, unaweza kufungiwa nje ya kabati lako mwenyewe. Google hukupa namba 10 za akiba kwa ajili ya shida hiyo. Ziandike kwenye karatasi, uziweke pamoja na vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Namba hizo usimtajie mtu yeyote anayepiga simu, hata akisema anatoka kwenye kampuni.

4. Karatasi za afya ziwe na folda yake. Zisichanganyike na picha za sherehe, maana mtoto anapoonyesha wageni picha za Pasaka atafika mpaka kwenye majibu ya maabara. Ukitaka daktari wa mbali asome karatasi fulani, mpe ruhusa kwa anwani yake ya barua pepe, na akimaliza iondoe. Usichague njia ile ya kumruhusu mtu yeyote mwenye kiungo, ambacho wengi huita linki. Kiungo hupitishwa mkono kwa mkono kama noti.

5. WhatsApp si kabati. Ni njia ya kupelekea, na mara nyingi nakala hubaki kwa aliyetumiwa. Ukilazimika kutuma, mtumie mtu mmoja, hakikisha jina lake kabla ya kubonyeza, na ufunike jina la mgonjwa kama halihitajiki.

6. Jihadharini na steshenari. Ukimtumia kijana karatasi yako akuchapie, nakala inabaki kwenye simu au kompyuta yake. Simama hapo hapo, mwombe aifute mbele yako, na aifute pia kwenye kapu la taka la kompyuta. Asiye na nia mbaya hatakasirika.

7. Fungua akaunti mara kwa mara. Kwa utaratibu wa Google, akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Tangu Desemba 2023 kampuni hiyo ilianza kuzifuta. Basi, kila mwanzo wa Kwaresima na kila mwanzo wa Majilio fungueni, mtazame, mwongeze karatasi mpya.

8. Karatasi yenyewe usiitupe. Mtandao hukatika na simu huzima chaji. Weka karatasi za asili katika bahasha ya plastiki ndani ya sanduku gumu, juu, mbali na maji na panya. Asiye na simu janja asijisikie mnyonge, sanduku hilo ni mwanzo mzuri.

SI KILA KARATASI IENDE HUKO

Kabla ya kuweka karatasi kwenye wingu jiulize maswali mawili. Nikiipoteza, nitapata hasara gani? Ikionekana na watu, nitapata hasara gani?

Kadi ya chanjo ya mtoto ikipotea ni hasara, ikionekana si aibu. Iwekeni bila wasiwasi mkubwa. Historia ya upasuaji, dawa za moyo, barua za rufaa, yote hayo yawekwe, kwa ufunguo. Lakini kuna karatasi ambazo zikionekana zinaweza kuvunja ndoa, kumfukuzisha mtu kazi au kumfanya binti acheke na wenzake kwa uongo huku moyo ukimuuma. Kadi ya kliniki ya tiba na matunzo ni mojawapo. Kliniki ina kumbukumbu zake za mgonjwa huyo. Kama akaunti yako inatumiwa na watu wawili au watatu nyumbani, ushauri wangu ni kuwa karatasi ya namna hiyo isiingie humo kabisa mpaka uwe na akaunti yako peke yako.

Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo hayapaswi kufungiwa mno. Anayedhurika na penisilini, mwenye kifafa, mwenye kisukari au mwenye selimundu aandike jambo hilo kwenye kikadi kidogo akae nacho kwenye pochi. Ukianguka njiani hujitambui, hakuna atakayejua neno lako la siri.

SIRI NI YA NANI?

Akina baba na akina mama, niruhusuni niseme wazi. Ugonjwa wa mtoto wako si habari ya ukoo mzima. Mzazi hushika ufunguo wa siri ya mtoto kwa niaba yake, kama mdhamini. Mtoto anapokua, kidogo kidogo mkabidhini. Nimewaona vijana walioacha dawa si kwa sababu dawa iliwashinda, bali kwa sababu shangazi alikwisha kutuma picha ya kadi kwenye kundi la familia akiomba sala. Sala ni jambo jema. Mungu anamjua mgonjwa bila picha ya kadi.

Mume na mke nao waheshimiane. Kuichukua simu ya mwenzako usiku na kutafuta majibu yake si njia ya kujenga ukweli ndani ya nyumba. Kama kuna jambo linalowahusu ninyi wawili, njoni hospitali pamoja, tutawaketisha tuzungumze. Na wazee wetu wasiojua kusoma simu wachague mtoto mmoja mwaminifu wa kuwashikia ufunguo, mmoja, si wote saba.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na imeunda Tume inayopokea malalamiko. Sheria ya mwaka 2008 juu ya VVU na UKIMWI ilikwisha kuagiza kwamba majibu ya kipimo cha VVU ni siri. Kwa hiyo mgonjwa anayeniuliza, "Sista, hii kompyuta mnayoandikia, nani anaisoma?" hanidharau. Anauliza haki yake, nasi wa hospitali hatuna budi kumjibu kwa upole na kwa ukweli.

Sisi Wakatoliki tunajua uzito wa siri. Twaingia kitubioni bila woga kwa sababu tunajua padre hatasema, hata akitishwa. Mgonjwa anayevua nguo mbele ya muuguzi anatafuta imani ya namna hiyo, na mtoto anayemwambia mama yake mahali panapouma anaitafuta pia.

Jumapili hii, baada ya Misa na chakula, kaeni pamoja nyumbani. Toeni ule mfuko wa karatasi. Tengeni za kuweka kwenye wingu na za kuacha. Kisha kila mmoja afungue simu yake atazame akaunti iliyomo ni ya nani na nani mwingine ameingia humo. Ni kazi ya saa moja. Nami kila nikiinua simu kupiga picha karatasi ya mgonjwa huisikia sauti ya mama yule, "Mimi nilikuambia wewe," naiweka simu mezani, natembea kwa miguu mpaka kwa daktari.